Shangazi, Udongo Ule Umeungua

Shangazi,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini mimi hata ningekuwa mfalme wa Ulaya nisingeanza kusema na mkubwa bila shikamoo. Wewe ndiye uliyenichapa mwiko wa mgongo siku nilipopita mbele yako kimya. Kwa hiyo nimeamkia. Marahaba nitajiitikia mwenyewe, kwa ile sauti yako ya kuburuta: "Marahaba baba, umekuja na nini?"

Nimekuja na barua. Usicheke. Wewe hukukanyaga shule, na mimi niliishia darasa la tano nikadandia lori la chumvi, kwa hiyo tunafaana. Naiandika hapa kaunta ya grosari yangu, asubuhi, wateja hawajaanza kuja. Nikiimaliza nitapanda basi la kijijini kwetu Ihanja nije niisome kwa sauti pale ulipolala. Kama kuna neno nimeliandika vibaya hutaliona, utalisikia tu.

Habari za nyumbani kwanza. Mvua haikutunyima. Mtama wa shamba lako la chini umesimama kunizidi mimi, na unajua si mfupi. Tembe lako lilianza kuvuja ile kona ya ghala, nikapanda juu ya paa mwenyewe kuweka udongo, na suruali yangu ya mtumba ya Kijerumani, watu wakasimama barabarani kutazama kama sinema. Ng'ombe wako mwekundu amezaa. Jike. Ana mateke kama mama yake.

Huku Singida mjini ungepotea, Shangazi. Unakumbuka foleni za sabuni, unafika mbele unaambiwa imekwisha, unarudi kufulia majani ya mpapai? Sasa serikali imesema ruksa na watu wameitika. Kila mwenye ukuta ametoboa dirisha akaita duka. Sabuni ziko aina kumi, nyingine ukioga nyuki wanakufuata. Na mimi sikubaki nyuma. Grosari ina meza sita, redio kaseti ya spika mbili, na rafu yenye chupa ambazo nusu yake majina siwezi kuyasoma, ila nayatamka kwa nguvu na mteja anaridhika.

Lakini sikukujia kwa hayo. Nimekujia kwa habari ya ile chupa. Unaijua ni ipi.

Nianze mbali kidogo, maana nikienda moja kwa moja nitakimbia.

Wewe ndiye uliyenifundisha kuonja. Nilikuwa mdogo, umeanika kimea juu ya paa la tembe, mtama umeota vijino vyeupe, na mimi kazi yangu kufukuza kuku. Ukanipa pombe kidogo kwenye kibuyu chako kile cha shingo iliyopinda. Ukasema ninuse mdomo ukiwa wazi kidogo. Nichukue kiasi cha ndege. Niitembeze pembeni mwa ulimi, nimeze, halafu nipumue kwa pua. Nikataka kusema tamu. Ukaniziba mdomo na kiganja kilichonuka chachu. "Usiseme kabla pombe haijamaliza kusema."

Nimefika Dar, Tunduma, Bujumbura. Mombasa nimekaa siku nne. Arusha nimekuwa mhudumu wa hoteli, natembea na tai nyeusi shingoni na taulo mkononi, nafungulia watu wakubwa chupa. Ndiyo maana wananiita Dunia. Na kote huko, Shangazi, sijaona ulimi kama wako. Kwetu mpika pombe hunywa wa kwanza ili watu waone hafi, hilo ni la kila mtu. Lakini wewe ulipewa zaidi. Pombe ya nyumba yoyote pale kijijini ilikungoja wewe ufike na kigoda chako, ukae, uonje, useme "Inywewe" au "Isubiri kesho." Ukisema isubiri, hata mwenyekiti wa kijiji anarudi kwake na kiu yake. Uliweza kusema pombe hii maji yake ni ya kisima gani. Uliweza kusema kimea hiki hakikuona jua, kimekaukia juu ya jiko, na mwenye pombe anatazama chini, kwa sababu kwetu kimea chenye moshi ni aibu. Maana yake mwanamke alichelewa kuanika mpaka mvua ikamkuta.

Sasa ile pombe ya mavuno uani kwa Mzee Nkuwi. Nilikuja kutoka mjini na chupa kwenye boksi lake, sijaifungua. Wiski. Mfanyabiashara aliyeniuzia aliniambia ni kimea kitupu, ya nyumba moja, haikuchanganywa na ya jirani, inanywewa na mabalozi. Nami nikawaambia watu wote uani pale kwamba mabalozi nimewahudumia kwa mkono huu na najua wanachokunywa. Nikaifungua kwa mbwembwe zote za Arusha, na leso begani. Nikakumiminia wewe kwanza kwenye kibuyu chako. Hilo angalau nililikumbuka.

Wewe ukanusa. Ukanyamaza.

Mimi sikungoja. Nikapiga funda la kiume. Shangazi! Moshi ulipanda puani kama nimeingiza kichwa kwenye bomba la lori. Baada ya moshi ikaja ile dawa ya kahawia wanayopaka vidonda zahanati. Machozi yakatoka. Mzee Nkuwi akaonja, akatema karibu na miguu yangu. "Dunia, hawa mabalozi wako wanaumwa nini?" Uani pote kicheko. Mama Salome, jirani yako, mliyekuwa mkishindana naye kwa pombe tangu mkiwa wasichana, naye akaonja, akafuta mdomo na ncha ya kanga. "Kumbe na Ulaya kuna wanawake wavivu. Huyu kaanika kimea jikoni." Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini.

Hapo ndipo ulipoinua mkono.

Uliomba maji kidogo, ukasema inabana, inataka kufunguliwa. Nikakujibu kwa ukali kwamba wiski ya namna hii haitiwi maji. Ukatia hivyo hivyo, matone mawili kutoka kwenye kata. Ukaonja tena. Kila neno ulilosema baada ya hapo nalikumbuka, kwa sababu baadaye nimeyarudia maneno hayo kama mtu anayehesabu mifugo iliyopotea.

Ulisema nafaka hii si mtama wala uwele, lakini imeota kama kimea chetu. Ulisema moshi uko ndani ya punje, haukuwekwa baadaye. Ulisema moshi huo si wa kuni, ni wa udongo. Kwamba ulipokuwa binti, mwaka wa kiangazi kirefu, kule kwao mama yako bwawa lilikauka na udongo wake mweusi ukashika moto chini kwa chini, ukafuka siku nyingi, na harufu yake ni hii. Ulisema pombe hii imekaa sana karibu na maji ya chumvi, kama upepo unaotoka ziwa Singidani. Halafu ukamgeukia Mama Salome. "Si uvivu, dada. Huyu mpika kwao hakuna jua."

Ukasema, "Inywewe. Ni nzuri."

Nikiwa hapa kaunta na akili zangu zote naona jambo nililolikosa siku ile. Ulikuwa unanitetea. Watu wote wananicheka mimi na chupa yangu, na wewe peke yako unasema mtoto kaleta kitu kizuri. Ningekaa kimya tu, ningeokoka.

Lakini mimi ni Dunia. Nikaona njia ya kutoka na nikaipita. Nikacheka kuliko wote. Nikasema, "Jamani, Shangazi amelewa kwa kunusa! Udongo ukiungua si tungekuwa tumekwisha wote, na haya matembe yetu? Kesho atatuambia Wazungu wanapikia mawe!" Nikaongeza kwamba chupa ni feki, wametia moshi na dawa ya vidonda, mimi mtaalamu nimeshaijua, na wewe ulimi umezeeka.

Kicheko kikaniacha mimi kikahamia kwako, kama nzi.

Ulifunika kibuyu kwa kiganja. Hukukasirika, na hilo ndilo linaniuma. Ulinitazama kama mtu anayetazama mzigo uliokwisha kuanguka njiani. "Haya, baba. Wewe umetembea."

Basi. Wiski iliyobaki nikaimwaga jalalani kwa mikogo. Kuku wa Mama Salome wakainywa, na jogoo wake akawika saa nane mchana akiwa amelala ubavu. Watu walicheka na hilo pia. Nikarudi mjini nimeshinda.

Kilichofuata sikukiona, nilisimuliwa. Pombe iliyofuata, kazi ya kuonja alipewa Mama Salome. Walisema wewe, Mama Ntandu, upumzike. Watu wetu wakitaka kukushusha hawakutukani, wanakwambia upumzike. Nilipokuja kukusalimia nikakiona kigoda chako kimeegemezwa ukutani, miguu inatazama nje. Ulikuwa unapika pombe ya chungu kimoja, unaonja peke yako, unajiambia inywewe.

Nilikuja mara mbili kabla hujafa. Mara ya kwanza nilileta sukari na ile sabuni ya nyuki. Mara ya pili nilileta kanga na redio ndogo. Nilileta kila kitu kinachouzwa. Neno moja la bure sikulileta. Nilidhani bado ulikosea, Shangazi, na nilidhani nakusamehe.

Kisha mvua za kwanza, kifua, na habari ya kifo chako kupitia kwa dereva wa basi. Nilifika watu wameshaanza kuchimba kaburi.

Sasa sikia.

Miezi minne baada ya kukuzika alikuja mteja, Bwana Kalumu, Mskoti, mtu wa mashine za kuchimba visima vijijini. Mrefu, mwekundu kama tofali, Kiswahili chake kimejaa mashimo kama kazi yake. Alizoea kuja jioni, bia mbili, anakwenda. Siku moja akaja na chupa yake mwenyewe chini ya kwapa, ametoka likizo kwao, anataka kunionjesha mimi kama mwenye nyumba. Lebo si ile. Akamimina. Kabla sijaishika glasi, pua yangu ikamwona Mzee Nkuwi anatema.

Mdomo ulikwisha kufunguka niseme feki. Sijui nani aliufunga. Labda ulikuwa wewe, maana nilisikia harufu ya chachu.

Akachukua kijiko, akatia maji. Matone mawili. Nikamuuliza, "Bwana Kalumu, hii inatiwa maji?" Akanishangaa. "Kidogo. Bila maji yeye hapana sema."

Nikamuuliza moshi umetoka wapi. Akapiga sakafu kwa kiatu. "Kwetu iko udongo. Nyeusi, ya bwawa. Sisi chimba, kausha, choma. Moshi yake ingia kwa shayiri." Nikamuuliza kwa nini wasianike juani kama watu. Akacheka mpaka meza ikatikisika. "Jua? Dunia, rafiki yangu, kwetu jua hapana!" Halafu akasema nyumba inayopika wiski hiyo iko ufukweni, mawimbi yanagonga ukuta wa ghala.

Nilimwambia nakuja. Nikaenda stoo, nikakaa juu ya kreti la soda. Nilikaa sana. Mteja mmoja akapiga kelele kaunta kwamba Dunia amekufa, nikamjibu bado.

Niliporudi nilionja ulivyonifundisha. Kiasi cha ndege. Pembeni mwa ulimi, nimeze, pua. Nikangoja. Kwanza moto, kisha moshi. Nikaendelea kungoja. Nyuma ya moshi kukatoka utamu, utamu wa uji wa kimea ukiwa bado haujachacha, ule uliokuwa ukinichotea kikombe kimoja kwa siri. Halafu chumvi kidogo sana mdomoni, kama ukilamba midomo baada ya kutembea kando ya Singidani siku ya upepo. Ilikuwa nzuri, Shangazi. Ulisema ni nzuri.

Nikamsimulia Bwana Kalumu habari zako zote. Hakucheka. Aliuliza ulisoma wapi. Nikamwambia jikoni. Akasema kwao kuna watu wanalipwa mshahara kwa ulimi huo, na wanavaa suti. Nikamwomba kitu kimoja: akienda tena likizo aniletee ule udongo. Alidhani natania. Mimi humtania kila mtu, sasa siku ya kusema kweli siaminiki. Nikamshika mkono, akaona sitanii.

Akauleta. Kibonge kama tofali dogo, kimefungwa gazeti, kimesafiri ndani ya buti. Cheusi, chepesi, na ndani yake mizizi midogo ya majani ya zamani.

Nikaja nacho kwenye pombe ya kumaliza msiba wako. Mama Salome ndiye aliyepika, siku sita, hakutaka msaada. Watu walikuwa wale wale wa siku ile, karibu wote. Kigoda chako kilitolewa nje kikawekwa karibu na chungu. Hakuna aliyekikalia.

Mzee Nkuwi akasema mbele ya watu, "Aonje Dunia. Yeye ndiye mtoto wa marehemu, na amesafiri."

Unanijua. Ningeweza kukaa pale nikawa mkubwa mpaka leo. Nilikuwa na jibu tamu mdomoni tayari, lenye Arusha ndani yake. Nikalimeza.

Nikatoa kibonge. Mzee Nkuwi akakipokea, akakivunja kona, akakinusa kwa mashaka. "Hii si samadi ya ng'ombe?" Nikamwambia anuse vizuri. Akanusa tena. "Si samadi. Ni udongo." Akampa jirani, kikazunguka mikono yote, kila mtu akasema udongo, hata watoto. Nilitaka waseme wenyewe kwanza. Nusu nikairudisha kwenye gazeti, nusu nikaiweka kwenye makaa kati ya mafiga yako matatu.

Kilikaa. Nikaogopa, nakwambia kweli. Nikawaza kama Bwana Kalumu amenichezea, leo nahama nchi. Halafu kikaanza kufuka, moshi mzito wa bluu, ukatambaa chini kabla ya kupanda. Ukawafikia. Nikamwona Mama Salome anafumba macho. Udongo ukawa mwekundu ndani, ukaungua pole pole kama kitu ambacho hakina haraka na mtu yeyote.

Mzee Nkuwi akavua kofia.

Nikasimama. Maneno yangu yalikuwa machache, na walionijua wakadhani naumwa. Nilisema, "Siku ile Shangazi alionja sawa. Aliyekosea ni mimi. Nilimcheka ili msinicheke." Nikakaa chini, kwenye vumbi, na ile suruali ya Kijerumani.

Chungu kilikuwa kinachemka povu. Ndipo Mama Salome akasema, bila kumtazama mtu, "Na mimi niliusikia udongo siku ile. Niliusikia ulimini. Nikaogopa kuchekwa, nikasema uvivu." Akajifuta uso wote na kanga. "Nafasi yake nimeikalia mwaka mzima kama mwizi."

Nikamwambia sasa akalie kigoda chako kwa haki, maana ndiye aliyeusikia. Mzee Nkuwi akamwambia vivyo hivyo. Akakaa. Nikampa kibuyu chako cha shingo iliyopinda. Akaonja pombe yake kwanza, akasema inywewe. Kisha nikammiminia wiski ya Bwana Kalumu, kiasi cha ndege. Akaomba maji. Akatia matone mawili, akangoja muda mrefu, uani kimya, mimi mwenyewe kimya, jambo ambalo halijawahi kuonekana Ihanja.

"Kweli," akasema. "Maskini, jua la kwao ni dogo. Inywewe."

Wakanywa. Si wote walioipenda, nisikudanganye. Mzee Nkuwi amesema bado inanuka zahanati, ila ni zahanati nzuri.

Ile nusu ya kibonge iko hapa rafuni, katikati ya chupa, mahali pa juu. Wateja wanauliza ni nini. Nawaambia ni cheti cha shangazi yangu. Nami nimeanza desturi mpya hapa: anayeonja kitu akasema neno nisilolijua, simcheki. Namuuliza, "Harufu hiyo uliisikia wapi?" Ungeshangaa wanayonieleza. Dereva mmoja juzi kanipa habari za bibi yake mpaka bia ikapata moto.

Ahadi yangu ndiyo hii, na nimeiandika ili nisije kuikana. Kila mavuno nitakuja Ihanja. Nitakaa chini, si kwenye kiti cha wageni wa mjini. Na sitasema kabla pombe haijamaliza kusema. Majigambo mengine yote naomba uniachie, maana nikiyaacha nitabaki na nini.

Basi linapiga honi, nataka niliwahi. Pumzika, Shangazi. Naona neno hilo limeharibika, kwa hiyo sitalitumia. Kaa. Kaa kwenye kigoda chako huko uliko, waonjee.

Haya, Shangazi. Mimi nilitembea tu. Wewe ulionja.

Mwana wa kaka yako,
Elia